Kichocheo Nacho Huchoka

Kuna sentensi moja ya kemia ambayo karibu kila mtu aliyepita shule ya upili hapa Kenya anaikumbuka, hata kama mengine yote yalishatoka kichwani: kichocheo huharakisha mmenyuko lakini chenyewe hakibadiliki. Unaiandika kwenye mtihani, unapewa alama yako moja, unaenda zako.

Leo nataka tuibishie hiyo sentensi. Si uongo, lakini imekatwa katikati. Ni kweli kichocheo hakiliwi na mmenyuko kama kuni zinavyoliwa na moto. Lakini kinachafuka. Kinalishwa sumu. Kinaungua. Mwisho wa siku kinakufa, na mtu anakitoa kwenye mtambo na kutia kingine. Na mfano mzuri kuliko yote ninaoujua ni huu wa kutengeneza haidrojeni kutoka kwa ethanoli.

Najua, kidole kishaanza kuteremka. Ngoja kidogo tu. Hii habari inahusu umeme, inahusu pesa, na inahusu watu wa nyumbani kwako.

Kwa wageni: mimi ni mtoto wa Amu. Nilisoma kemia chuo kikuu mwaka mmoja na nusu, karo ikakatika, nikarudi kisiwani. Shahada sina. Nina simu, bando, na madaftari yangu ambayo sikuyatupa. Kwa hivyo usinisome kama daktari, nisome kama jirani aliyekaa na kitu kimoja muda mrefu mpaka kikamwingia.

Tuanze na ethanoli yenyewe. Ndiyo ile pombe iliyo ndani ya mnazi, ndani ya sanitaiza, ndani ya kila kilichochachuka. (Sisemi mnywe. Mama yangu anasoma hizi posti.) Hapa Kenya inatengenezwa kwa wingi kutokana na molasi, ule uji mweusi unaobaki kiwandani baada ya sukari kutolewa. Pale Muhoroni kiwanda cha Agro-Chemical and Food Company kimekuwa kikifanya kazi hiyo tangu miaka ya 1980.

Sasa, chukua molekuli moja ya ethanoli na molekuli tatu za maji. Zipashe moto mpaka ziwe mvuke, zipitishe juu ya kichocheo chenye joto la kama nyuzi 500 hadi 700 za Selsiasi. Zikikutana pale zinavunjika na kujipanga upya, zinatoka molekuli sita za haidrojeni na mbili za kaboni dayoksaidi. Kwa uzito ni rahisi kukumbuka: gramu 46 za ethanoli na gramu 54 za maji, jumla 100. Kinachotoka ni gramu 12 za haidrojeni na 88 za kaboni dayoksaidi. Jumla tena 100. Hakuna kilichopotea. Na kwa kuwa muwa ulinyonya kaboni hewani ulipokuwa shambani, watu wanaona hii ni njia safi kuliko kutumia gesi ya ardhini, ambayo ndiyo inayotengeneza sehemu kubwa ya haidrojeni duniani leo.

Wazee walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Hapa mambo yanageuka. Mgema aliyetia maji ndiye tunayemtaka! Ukitaka kuchanganya ethanoli na petroli, lazima uyatoe maji yote, na kuyatoa kunakula nishati nyingi kwa sababu pombe na maji vikifika kama asilimia 95 kwa 5 havitaki kuachana kwa kuchemsha tu. Lakini kwa haidrojeni maji ni sehemu ya chakula. Hiyo ndiyo sababu wanasayansi walivutiwa. Mnamo 2004 kundi la Chuo Kikuu cha Minnesota kule Marekani lilichapisha kwenye jarida la Science kwamba limeweza kugeuza zaidi ya asilimia 95 ya ethanoli kwa kichocheo cha rodiamu juu ya oksidi ya seriamu, mvuke ukipita hapo kwa muda usiofika sehemu ya mia moja ya sekunde. Ethanoli ilinyunyizwa kwa kifaa kile kile kinachonyunyiza petroli kwenye injini ya gari.

Tamu, eh? Basi kwa nini mpaka leo hatuna mitambo hiyo kila mahali?

Sababu ziko nyingi, bei ikiwemo. Rodiamu ni miongoni mwa metali ghali kabisa duniani. Kwa hivyo wengi wanatumia nikeli, ambayo ni ya bei nafuu na inavunja ule mshikano wa kaboni na kaboni vizuri. Lakini hapo ndipo kifo kinapoingia. Kina njia tatu kubwa.

Njia ya kwanza ni masizi. Angalia sufuria ya nyumbani iliyopikiwa kuni. Hakuna siku hata moja uliyoona masizi yakiruka na kuigandamia, lakini baada ya mwezi chini yake ni nyeusi ti. Ethanoli ina kaboni mbili. Mambo yakienda sawa, kila kaboni inakutana na oksijeni ya maji na kuondoka kama gesi. Mambo yasipoenda sawa, kaboni inabaki pale juu ya nikeli. Na zina njia nyingi za kubaki. Nikeli huwekwa juu ya kitu kingine cha kuishikilia, mara nyingi alumina, na alumina ina tabia ya asidi. Asidi hiyo inaing'oa molekuli ya maji kutoka kwa ethanoli, inabaki gesi ya ethilini. Ethilini zikishikana mikono moja kwa nyingine zinakuwa mnyororo, mnyororo unakuwa utando, utando unakuwa mkaa. Tena kuna kaboni monoksaidi: mbili zikikutana, moja inachukua oksijeni ya mwenzake, kaboni inaachwa peke yake. Methani nayo inavunjika na kuacha kaboni.

Wakati mwingine kaboni haifuniki, inaota. Yaani inakua kama unywele chini ya punje ya nikeli na kuinyanyua kutoka mahali pake. Punje inakaa kwenye ncha ya unywele, bado inafanya kazi, ukiangalia vipimo unasema mambo shwari. Kumbe huku ndani nywele zinajazana, njia ya mvuke inaziba, vidonge vya kichocheo vinapasuka. Mtambo unakufa huku kichocheo chenyewe bado kinajitahidi.

Njia ya pili ni sumu. Hii wengi mnaijua bila kujua kwamba mnaijua. Mnakumbuka lile swali la KCSE la kutengeneza asidi ya salfuriki? Kwa nini oksidi ya vanadiamu inapendwa kuliko platinamu? Jibu: ni ya bei nafuu, na hailishwi sumu kwa urahisi na uchafu. Umeona? Kumbe walikuwa wametuambia, ila kwenye mada nyingine. Sura moja inasema kichocheo hakibadiliki, sura nyingine inasema platinamu inalishwa sumu, na hakuna aliyesimama kuziweka sura mbili pamoja.

Kwa nikeli, adui mkubwa ni salfa. Salfa inaikumbatia nikeli kwa nguvu kuliko ethanoli inavyoweza. Inakaa kwenye kiti na haitoki. Na haihitajiki nyingi, hata sehemu chache kwa milioni zinatosha kupunguza kazi, kwa sababu kila siku inapita kidogo na kila inayopita inakaa. Inatoka wapi? Viwanda vingi vya sukari vinasafisha maji ya miwa kwa gesi ya salfa, na mabaki yanaweza kufuata molasi. Ethanoli ambayo haijasafishwa vizuri ina pia pombe nzito zaidi na asidi ya siki, na hizo zinaongeza masizi. Kwa hivyo ile raha yetu ya kusema "haihitaji kusafishwa" ina masharti. Maji, karibu. Uchafu mwingine, hapana. Na hata maji yakizidi sana kuna hasara, manake yote lazima yachemshwe, na moto wa kuchemsha nao unalipiwa.

Kama unataka kuona sumu ya kichocheo ilivyobadilisha Afrika nzima, usiende mbali. Ile petroli ya zamani ilikuwa na madini ya risasi ndani. Gari la kisasa lina kile kidude kwenye bomba la moshi chenye platinamu, paladiamu na rodiamu, kazi yake kusafisha gesi chafu. Risasi inaziua metali hizo. Marekani walipoanza kuweka vidude hivyo kwenye magari ya 1975, ilibidi petroli isiyo na risasi ipatikane. Kwetu Afrika kusini mwa Sahara ilichukua muda mrefu sana: petroli ya risasi iliachwa mwanzoni mwa 2006. Nchi ya mwisho duniani ilikuwa Algeria, 2021, na waliotangaza ni UNEP, makao yao yako Nairobi hapo Gigiri. Sisi tuliozaliwa miaka ya 2000 tumekua na damu yenye risasi kidogo kuliko wazazi wetu. Haikuwa sababu pekee, lakini moja ya sababu ni kwamba kichocheo kilikuwa kinakufa, na wakubwa wakalazimika kusikiliza.

Njia ya tatu ni moto wenyewe. Nikeli inafanya kazi kwa sababu imesagwa punje ndogo mno, ndogo kiasi kwamba nyingi ya atomi zake ziko nje, tayari kupokea wageni. Nikeli inayeyuka kwenye nyuzi 1455, kwa hivyo utadhani nyuzi 600 si kitu. Lakini punje ndogo hazingoji kuyeyuka. Zikifika kama nusu ya joto la kuyeyuka (ukihesabu kwa kelvini, ambayo kwa nikeli ni kama nyuzi 590) atomi zinaanza kutembea. Angalia mchuzi wa nazi uliotulia: matone ya mafuta juu yanaungana mdogo mdogo mpaka yanakuwa makubwa machache. Nikeli ni vivyo hivyo. Punje nane zikiwa moja, nikeli ni ile ile, gramu ni zile zile, lakini uso wa kufanyia kazi umekuwa nusu. Hakuna kilichoibwa. Kimejikusanya tu ndani ambako hakifikiki.

Sasa utasema, si wakisafishe? Wanakisafisha. Unapitisha hewa kwenye kichocheo chenye masizi, masizi yanaungua, kichocheo kinafufuka. Lakini mtu yeyote wa Amu aliyewahi kuona jahazi likichomwa makuti anajua tatizo liko wapi. Chombo kinapandishwa mchangani, kinakwanguliwa, kisha kinapitishiwa moto wa makuti ili wafe wadudu wanaotoboa mbao. Fundi hawezi kuacha moto ukae mahali pamoja. Akizembea, wadudu wamekufa na ubao nao umeondoka. Masizi ya kaboni yakishika moto yanatoa joto kali, na joto hilo ndilo linalozifanya punje za nikeli ziungane. Umetibu ugonjwa wa kwanza, umeleta wa tatu. Tena hewa inaipa nikeli kutu, inabidi uirudishe kwa kuipitishia haidrojeni, ile ile uliyokuwa unaitengeneza.

Ndiyo maana dawa nzuri ni zile za kuzuia mapema. Unaiacha alumina yenye asidi, au unaituliza kwa magnesiamu au lanthanamu. Unaweka nikeli juu ya oksidi ya seriamu, ambayo ina oksijeni inayotembea ndani yake na kuifuata kaboni kabla haijawa mkaa. Unaongeza maji, zaidi kidogo ya yale matatu ya hesabu. Unatia oksijeni kiasi. Unasafisha salfa kabla haijaingia. Hakuna hata moja inayofanya kichocheo kiishi milele. Zote zinanunua muda.

Hapa nitoke kwenye maabara kidogo.

Dada yangu mkubwa ni fundi wa hina. Arusi za hapa kwetu nyingi zimepita mikononi mwake. Mwaka wangu wa kwanza chuoni aliulipa yeye, maharusi kwa maharusi, usiku kwa usiku, na wakati huo huo alikuwa anawasomesha wadogo wetu wawili. Watu walikuwa wakisema mbele yake, kwa kumsifu: "Huyu hachoki, huyu mashine." Na yeye alikuwa akicheka. Sote tulipita kwake tukatoka tofauti, yeye akawa yule yule. Ndivyo tulivyodhani.

Halafu mkono wake wa kulia ukaanza kufa ganzi. Kwanza usiku, kisha mchana, kisha akishika kalamu ya hina. Hospitali waliambiwa na mama kwamba ni uchovu, wao wakasema ni mshipa wa kifundo cha mkono uliobanwa, na kwamba haukuanza jana. Hakuna mtu aliyemdhulumu. Bi arusi mmoja aliomba maua zaidi kidogo. Mimi niliomba nauli. Mdogo aliomba viatu. Hakuna ombi lililokuwa kubwa. Lakini kila lililopita liliacha kitu.

Dada si nikeli, najua, na sitaki mtu aniambie ati nimemlinganisha na chuma. Ninachosema ni kwamba sentensi ile ile ya mtihani tunaitumia kwa watu. Kila nyumba ina mmoja ambaye mambo yote yanapitia kwake na tumeshaamua kwamba yeye habadiliki. Mama wa mahamri anayeamka saa kumi alfajiri. Kaka aliye Saudia ambaye kila simu anayopokea kutoka nyumbani ina mkono umenyooshwa. Tunamsifu kwa kutochoka, na sifa yenyewe inakuwa sababu ya kutomuuliza.

Kwa dada tulifanya mambo ya kawaida tu. Alipumzisha mkono miezi kadhaa, na hiyo ndiyo miezi karo yangu ilikatika. Aliporudi kazini akaweka sharti: maharusi wawili kwa wiki, basi, na bei ikapanda. Mimi ninampigia picha na kumshughulikia wateja kwenye simu, manake hiyo ndiyo kazi ninayoiweza. Ganzi haijaisha yote. Daktari alisema huenda isiishe. Lakini bado anachora, na anachora vizuri.

Turudi kwenye umeme, nimalize.

Lamu sisi tumeshaahidiwa vitu vingi. Nilikuwa bado mwanafunzi wa sekondari Mahakama ya Kitaifa ya Mazingira ilipofuta leseni ya mtambo wa makaa ya mawe, Juni 26, 2019. Mtambo wa megawati 1,050 ungejengwa Kwasasi, na mahakama ikasema wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Septemba 2023 serikali ikazindua mkakati wa haidrojeni ya kijani pale Nairobi, wakati wa mkutano wa tabianchi wa Afrika. Huo umejikita zaidi kwenye kupasua maji kwa umeme wa jua, upepo na mvuke wa ardhini, na mbolea ndiyo lengo la kwanza. Ethanoli si mada yao. Lakini mitambo ya kupasua maji nayo ina vichocheo, na vichocheo hivyo navyo huchoka kwa namna zao.

Kwa hivyo siku yoyote mtu akija hapa na picha nzuri za mtambo safi, wa haidrojeni au wa chochote, maoni yangu ni kwamba tusimuulize tu inatoa umeme kiasi gani. Siku ya uzinduzi kila mashine hufanya kazi. Tumuulize inachoka vipi. Kichocheo chake kinadumu saa ngapi kabla hakijashuka? Kinakufa kwa masizi, kwa sumu au kwa moto? Kinasafishwa wapi, hapa au kinapelekwa ng'ambo? Kikifa, kipya kinanunuliwa na nani, na kile cha zamani chenye nikeli kinatupwa wapi? Hapa sisi tunavua, hatuwezi kuambiwa "tutaona" kuhusu metali nzito. Anayeujua mtambo wake atajibu bila kukasirika. Anayekasirika, mwacheni aondoke na picha zake.

Na wewe unayesoma kemia sasa hivi, endelea kuandika ile sentensi kwenye mtihani, alama ni alama. Ila pembeni ya daftari ongeza neno moja: "mwanzoni".

Nyumbani kwenu nani anaitwa mashine? Usinijibu mimi. Mpigie, na usimuombe kitu.